Ngoma ya Rumanyika Haina Mchapishaji

Muulize kijana yeyote wa sekondari pale Kayanga ni nani anaweza kuinua nyundo ya Thor. Atakujibu kabla hujamaliza swali: anayestahili. Ukimpa nafasi atakusimulia Captain America alivyoinyanyua kwenye Avengers: Endgame ya 2019, na atakuonyesha kwa mkono namna ilivyomrukia kiganjani. Sasa muulize ni nani aliyeweza kuinua ngoma ya Karagwe. Atadhani unamtania.

Ngoma yenyewe imeandikwa. Mwishoni mwa 1861 Mwingereza John Hanning Speke aliingia Karagwe akitafuta chanzo cha Mto Nile, akapokewa na Omukama Rumanyika, na katika kitabu chake cha 1863 akasimulia aliyoambiwa na mfalme. Omukama Ndagara alipofariki, wanawe watatu waliwekewa ngoma ndogo. Kwa uzito wake ilikuwa nyepesi kama unyoya, lakini kwa dawa zilizowekwa ndani yake ilimshinda kila asiyestahili kiti. Ndugu wawili walihangaika nayo, ikakataa. Rumanyika akainyanyua kwa kidole kidogo cha mkono, bila kutoa jasho.

Thor wa Marvel alitokea kwenye kitabu cha katuni kwa mara ya kwanza mwaka 1962, miaka mia moja baada ya Speke kuondoka Karagwe. Sisemi wameiba. Thor ni wa Skandinavia, na wazo la kitu kinachomtambua mwenye haki lipo hata kwenye upanga wa mfalme Arthur wa Waingereza. Ninachosema ni kwamba wazo moja lilikaa sehemu mbili. Huko likachorwa, likasomwa, likarudiwa, likafika kwenye sinema na kurudi kwetu likiwa na tiketi. Huku likabaki ndani ya kitabu cha mgeni, kwa Kiingereza.

Vijana wenzangu wanaopenda filamu hizi hugombana kila siku kuhusu swali moja: wachapishaji wa katuni wanazigeuza hadithi zao kuwa filamu vizuri au wanaziharibu? Mmoja anasema Marvel wanajua, DC hawajui. Mwingine anasema zamani walijua, sasa wamechoka. Ni ubishi mtamu wa jioni, ila unauliza jambo dogo. Kipimo changu ni kimoja: hadithi ilipoingia kwenye chumba cha kutengenezea filamu, nani aliingia nayo? Akiwepo mtu wa kuisemea, hadithi hufika salama. Asipokuwepo, hufika jina na nguo. Na sisi wa Karagwe na Kyerwa, ambao tuna hadithi za kutosha kujaza maktaba, hatuna mtu mlangoni kwa sababu hatujaweka hata ukurasa mmoja mezani.

Tuanze na walipofanya vizuri, maana ni lazima tukubali wamefanya vizuri. Nyundo ya Thor ilikuwa na sharti lake tangu kitabu cha kwanza. Mwaka 1988, katika toleo la 390 la kitabu cha Thor, Captain America aliinyanyua. Msomaji wa wakati ule alielewa uzito wa jambo hilo kwa sababu alikuwa na miaka 26 ya kuona nyundo ikiwakataa watu. Kisha mwaka 2008 Marvel, ambao hapo awali walizoea kuuza haki za mashujaa wao kwa kampuni nyingine, wakaanza kutengeneza filamu wenyewe kwa Iron Man. Mwaka 2011 ikaja Thor. Mle ndani kuna wanakijiji wa jangwani Marekani wanaojaribu kuing'oa nyundo ardhini, mpaka mmoja anaifunga kwenye gari na gari linaachia bodi. Thor mwenyewe, akiwa amenyang'anywa heshima na baba yake, anaivuta kwenye mvua na inamgomea. Mwaka 2015, kwenye Age of Ultron, mashujaa wamekaa baada ya sherehe wanapokezana kuijaribu huku wakicheka. Captain America anaisogeza kidogo tu, na uso wa Thor unabadilika. Miaka minne baadaye anaiinua kweli.

Tazama hiyo subira. Ni filamu tatu, kwa miaka minane, kulipa deni lililoandikwa kwenye karatasi miaka 31 kabla. Wangeweza kulipa siku ya kwanza. Hawakulipa kwa sababu waliokuwa wakitengeneza walijua kitu chenyewe kilivyofanya kazi kwenye vitabu: utamu hauko kwa anayeinua, uko kwa wanaoshindwa. Na aliyesimulia ngoma ya Karagwe alilijua hilo pia. Ndugu wawili wanatoka jasho kwanza.

Sasa tuje walipoharibu, na hapa jambo linatugusa. Ororo Munroe, tunayemfahamu kama Storm, ni mtu wa upande wetu. Katika kitabu cha 1975 kilichomleta duniani, kilichoandikwa na Len Wein na kuchorwa na Dave Cockrum, tunamkuta Kenya. Ukame umeshika, wanakijiji wamekuja kumwomba, naye anaita mvua. Waandishi waliofuata walimpa historia: mama yake, N'Dare, ni Mkenya wa ukoo wa kifalme; baba yake ni mpigapicha Mmarekani; wazazi wanafia Cairo wakati nyumba yao inaangukiwa na vita; mtoto anabaki mwizi wa mitaani, halafu anakata jangwa kurudi kusini mpaka anatokea Serengeti. Serengeti hii hii tunayoiona kwenye noti na kalenda.

Tusiipambe karatasi kupita kiasi. Kitabu kile cha 1975 kina aibu zake. Msichana wa Kiafrika amevaa karibu na bure, wanakijiji hawana majina, na mzee wa kizungu kwenye kiti cha magurudumu anakuja kumwambia kwamba yeye si mungu hata kidogo. Tuliambiwa pia kwamba jina Ororo maana yake ni uzuri. Mswahili yeyote angewaambia kwamba ororo ni laini, kama ngozi ya mtoto au godoro jipya, lakini hakukuwa na Mswahili wa kuulizwa. Hata hivyo karatasi ina fadhila moja: inarudi kila mwezi, na kila mwezi ina nafasi ya kujisahihisha. Mwaka 1985, katika toleo la 198 la X-Men, Chris Claremont aliandika na Barry Windsor-Smith akachora Storm aliyepoteza nguvu zake. Amerudi Afrika kwa miguu, anakaa na mzee wa kijiji kilichopigwa na ukame, anamsaidia mama kujifungua. Kurasa zile zinamuuliza mwita mvua asiye na mvua: sasa wewe ni nani? Ni swali ambalo babu zetu wangelielewa bila mkalimani.

Kisha kampuni ya Fox, ambayo Marvel walikuwa wameiuzia haki za X-Men miaka ya 1990, ikaanza kutengeneza filamu. Storm yumo katika filamu sita za kikosi hicho: 2000, 2003, 2006, 2014, 2016 na 2019. Katika hizo zote hakuna hata moja iliyomfikisha Serengeti. Kwenye ya kwanza Halle Berry alijaribu lafudhi ya Kenya. Kwenye ya pili lafudhi imetoweka, na hakuna aliyeona haja ya kueleza imekwenda wapi. Ya 2016 inamwonyesha Cairo akiwa msichana, anaiba sokoni, na hapo hapo adui anamchukua. Safari ya kusini imekatwa. Kijiji kimekatwa. Ukame umekatwa. Zimebaki nywele nyeupe na radi.

Mtu atasema filamu ina saa mbili tu na mashujaa ni wengi. Kweli. Lakini mashujaa wengine walipata nyumbani kwao. Wolverine alipata Kanada, akapata na filamu nzima ya Japani. Magneto alipata Poland na kambi ya mauaji ya Wanazi, tena kwenye dakika za kwanza kabisa za filamu ya 2000, na mandhari ile ndiyo inayobeba filamu zote zilizofuata. Kwa hiyo muda ulikuwepo. Ila kwa Magneto kulikuwa na historia ambayo kila mtu chumbani aliona aibu kuichezea. Kwa Storm hakukuwa na wa kumwonea aibu. Fox walinunua jina, joho na ngurumo, na anayenunua ng'ombe kwa ajili ya ngozi haulizi alilishwa wapi.

Hapo ndipo wenzangu wananikatisha: Black Panther je? Filamu ya 2018 ilichukua Oscar tatu. Ilitujaza fahari mpaka kwenye vibanda vya video vya Nkwenda, na sitaki kumnyang'anya mtu fahari hiyo. Lakini hebu tuitazame kwa kipimo chetu. Vitabu vya Marvel vimeiweka Wakanda Afrika Mashariki, karibu na Ziwa Turkana. Kwa nini basi wafalme wake wanazungumza isiXhosa, lugha ya Afrika Kusini? Jibu ni rahisi, na kwangu ndilo jambo zuri kuliko yote katika mradi ule. Wakati wa kutengeneza Captain America: Civil War ya 2016, mzee John Kani, mwigizaji mkongwe wa Afrika Kusini, alipewa nafasi ya mfalme T'Chaka. Akapendekeza waseme kwa lugha yake. Wakamkubalia. Tangu siku hiyo Wakanda nzima ikawa ya isiXhosa, hata wale waliotoka Marekani na Uingereza wakakaa chini kujifunza kubofya ulimi.

Hakuna kamati iliyokaa kuchagua lugha. Alikuwepo mzee mmoja chumbani, akafungua mdomo. Angekuwa mzee wa Nyakahanga, dunia leo ingekuwa inajifunza salamu za Kinyambo.

Lakini pale ambapo hakukuwa na mtu, wakaokota. Kofia ya Wazulu, blanketi la Wasotho, kisahani cha mdomo cha watu wa kusini mwa Ethiopia, vyote viko katika nchi moja ndogo iliyojificha milimani. Vazi moja moja ni zuri, na Ruth E. Carter alistahili tuzo yake ya mavazi. Kwa pamoja ni duka la zawadi la uwanja wa ndege. Na katikati ya duka hilo kuna hadithi ya nchi ya Kiafrika yenye siri ya chuma ambacho wageni hawajui, wakati mwaka 1978 Peter Schmidt na Donald Avery walichapisha katika jarida la Science ushahidi kwamba Wahaya, jirani zetu wa pwani ya Ziwa Victoria, walikuwa wakitengeneza chuma cha pua tangu takriban miaka 1,500 hadi 2,000 iliyopita, kwa matanuri yaliyopasha hewa moto kabla haijaingia. Kwetu Bweranyange, ikulu ya kale, hazina ya kifalme ilikuwa na ng'ombe wa chuma wenye pembe ndefu, pamoja na nyundo na fuawe za ufalme. Nyundo za ufalme! Omukama wa Karagwe alikuwa mfua chuma kabla Thor hajapata mchoraji.

Hatukosi malighafi, na hiyo inanileta kwetu, kwa sababu kulaumu Fox ni kazi rahisi na haimalizi ukame.

Kila baada ya muda unasikia kundi la vijana wa Karagwe wana mpango wa filamu ya Rumanyika. Unaanza na drone. Drone inapaa juu ya vilima, inashuka kwenye migomba, muziki unavuma, maandishi yanatokea: inakuja hivi karibuni. Trela inasambaa kwenye makundi ya WhatsApp mpaka Mwanza na Dar es Salaam. Halafu kimya. Ukiwauliza imefikia wapi, jibu ni moja: bajeti. Ukiwauliza hadithi inaanzaje, nani anamtaka nani, ndugu wale wawili wanaitwa nani, kila mmoja ana jibu lake, na hakuna lililoandikwa. Wana trela ya kitu ambacho hakipo.

Bajeti si uongo, ila inakuja baadaye. Filamu ni kitu cha mwisho katika mnyororo. Walinzi wa kike wa Black Panther, wale Dora Milaje waliopendwa kuliko mfalme, hawakubuniwa na watu wa filamu. Christopher Priest aliwaleta kwenye kitabu mwaka 1998. Shuri, dada mwenye akili za mashine, alitokea kwenye kitabu mwaka 2005. Mfalme mwenyewe alichorwa na Jack Kirby mwaka 1966. Filamu ya 2018 ilikuta miaka 52 ya watu kujaribu, kukosea, kufuta na kuchora tena, na kila kosa liligharimu wino na karatasi tu. Sisi tunataka kukosea kwa mara ya kwanza tukiwa na kamera ya kukodi.

Na tusidanganyane kwamba karatasi ni utamaduni wa wenzetu. Tanzania imewahi kusoma katuni kwa wivu. Chakubanga wa Christian Gregory alianza kuchekesha watu kwenye gazeti la Uhuru mwaka 1967. Jarida la Sani, ambalo jina lake limetokana na Saidi Bawji na Nico Ye Mbajo, lilizaa Ndumilakuwili, Lodi Lofa, Kipepe na Madenge, watu wa karatasi ambao wazazi wetu wanawataja kama majirani waliohama. James Gayo akatupa Kingo. Madenge alikuwa na wasomaji wake, tabia zake, maadui zake, yaani kila kitu ambacho studio hununua. Hakuna filamu inayotajwa pamoja na jina lake. Tulikuwa na karatasi bila filamu. Sasa tunataka filamu bila karatasi. Kati ya hapo kuna daraja, na aliyelivuka ni Mtanzania. Godfrey Mwampembwa, yule Gado mzaliwa wa Dar es Salaam, alichora wanasiasa wa Kenya kwenye Daily Nation tangu 1992. Mwaka 2009 akawapeleka kwenye televisheni kama vikaragosi katika The XYZ Show. Watazamaji walimtambua kila mmoja kabla hajasema neno, maana mkono ule ule ulikuwa umewachora kwa miaka 17. Na Gado hakuuza michoro akaenda nyumbani. Aliingia nayo chumbani.

Kuna somo jingine liko karibu zaidi, linavuka mto kila siku. Kwenye vibanda vya Murongo, mpakani kabisa mwa Kyerwa na Uganda, muvi ya Marvel inaweza kukufikia ikiwa imeshatiwa sauti ya Kiganda na VJ wa Kampala. Wasomi wetu huwacheka watu hawa. Mimi nawaheshimu. VJ hatafsiri tu, anahamisha hadithi. Mhusika anapewa jina la utani ambalo mtazamaji atalicheka, mji usiojulikana unageuzwa kuwa mtaa unaojulikana, na pale filamu inapochosha yeye anaongeza chumvi. Anafanya hivyo kwa sababu mteja wake ana mkeka wa kukalia, ana sarafu mfukoni na ana miguu ya kuondokea. Fox hawakuwahi kuwa na mtazamaji wa Serengeti mbele yao akiguna. VJ anaye. Kazi yake ina mipaka, kwa kuwa anaongeza sauti juu ya picha ambayo hawezi kuibadilisha, lakini anajua anamjibu nani.

Na yule aliyekuwa na nafasi ya kubadilisha picha, alifanya nini? Mwaka 2023 Disney walitoa mkusanyiko wa filamu fupi kumi za vibonzo kutoka Afrika, wakauita kwa Kiswahili: Kizazi Moto. Moja kati ya hizo, Herderboy, ni ya Raymond Malinga wa Kampala. Ndani yake kuna ufalme wa Chwezi wa wakati ujao, wachungaji wenye viungo vya mashine, ng'ombe wanaozalisha madini ya kiroho, na kijana mchunga mbuzi anayeitwa Ndahura. Kwa mtu wa Karagwe majina hayo hayahitaji maelezo. Wachwezi ni wetu sote, kuanzia Bunyoro mpaka hapa. Ndahura na Wamara walitajwa katika nyumba za bibi zetu kwa sauti ya chini. Malinga hakusubiri Wamarekani wamvumbue Ndahura. Aliingia naye mlangoni akamkalisha kitini. Namsifu bila kusita.

Lakini ukakasi upo, na si wa Malinga. Mkusanyiko wenye jina la Kiswahili ulitoka kwenye Disney+, huduma ambayo ilikuwa haijafunguliwa rasmi Tanzania. Mtu wa Kayanga aliyetaka kuona ng'ombe wa Wachwezi kwa njia halali hakuwa na njia. Hiyo ndiyo bei ya hadithi kuwa na nyumba moja tu, nayo ya kupanga. Ndahura angekuwa na kitabu cha katuni cha Kiswahili kwenye meza ya gazeti pale Omurushaka, kufungwa kwa mlango mmoja kusingetunyima kitu.

Najua pingamizi linalokuja, na linatoka kwa watu ninaowaheshimu. Wazee husema: hadithi za ufalme si za kuchezea, mkizichora mtazipotosha. Nawajibu kwa adabu zote, lakini nawajibu. Rumanyika mwenyewe alikuwa akitengeneza hadithi. Alipokuwa anamweleza Speke habari za ngoma, vita kati yake na ndugu yake Rogero juu ya kiti vilikuwa bado vinanuka baruti. Katika vita hivyo Rumanyika alisaidiwa na Musa Mzuri, mfanyabiashara wa Tabora, na watu wenye bunduki. Ngoma ilikuwa nyepesi. Bunduki hazikuwa nyepesi. Mfalme alichagua kumsimulia mgeni habari ya ngoma kwanza. Huyo ni mwandishi anayejua wapi pa kuweka taa.

Na hapo ndipo hadithi yenyewe ilipo, ile ambayo hakuna mgeni atakayeitafuta. Je, aliyestahili aliinua ngoma, au aliyeshinda alisema aliinua? Rogero alipokuwa anatoka jasho mbele ya ngoma ile, alijua nini? Hiyo ni katuni ya kurasa mia mbili. Ni filamu ambayo hata mwenye kuchoshwa na mashujaa angeikalia. Israel Katoke aliandika historia ya ufalme wa Karagwe, kitabu kikatoka 1975. Mifupa ya hadithi ipo, inasubiri nyama.

Tukikataa kuichezea sisi, haitabaki safi. Itachezewa na mwingine, na tunajua ataanzia wapi. Speke huyo huyo alichukua utepe akampima mmoja wa mashemeji wa mfalme, mwanamke aliyenoneshwa kwa maziwa, akaandika vipimo vya mwili wake kwa ajili ya wasomaji wa London. Studio ya mbali ikifungua kitabu kile kutafuta Karagwe, ukurasa huo utawaita kabla ya ukurasa wa ngoma. Watauona ni wa kuvutia. Na chumbani hatakuwepo mtu wa kuguna.

Wengine wanasema sheria itatulinda. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inatambua sanaa za jadi, na ni vizuri iwepo. Lakini sheria ni uzio. Uzio unalinda shamba lililolimwa. Jina la Rumanyika tangu 2019 limewekwa kwenye hifadhi ya taifa, Rumanyika-Karagwe, na jirani yake Ibanda-Kyerwa. Tumewapa wanyama jina la mfalme. Watoto bado hatujawapa.

Kwa hiyo ninyi mnaojua kuchora, na mpo, nimeona madaftari yenu ya fizikia yamejaa Spider-Man pembeni: msianze na trela. Anzeni na kurasa nne. Ndagara amekufa. Ngoma imewekwa. Ndugu wa kwanza anaishika, ndugu wa pili anaishika. Semeni kwa Kiswahili, na pale mfalme anapokasirika aseme Kinyambo bila kutafsiriwa, kama mzee Kani. Pelekeni kwenye mashine ya fotokopi, banueni kwa pini, wekeni mezani kwa muuza magazeti wa Kayanga, mpelekeeni na mwenye kibanda cha Murongo auze kabla muvi haijaanza. Bibi akisema mmekosea jina la mjomba wa Rogero, asanteni, sahihisheni toleo la pili. Mtoto akiruka kurasa, mmemchosha, chora upya. Fanyeni hivyo miaka mitano. Wekeni majina yenu kwenye jalada na tarehe chini yake.

Siku kampuni ya filamu itakapokuja, iwe ya Dar es Salaam, Kampala au California, haitakuta kilima na ukungu na kijana mwenye drone. Itakuta kazi yenye wasomaji na yenye mwenyewe, na itabidi ibishe hodi. Hapo ndipo mtakapoweza kudai kiti chumbani na kusema hapana pale panapostahili hapana: ngoma haiwi nyundo, Bweranyange haihamishiwi jangwani, na yule shemeji wa mfalme mnampa jina na maneno ya kusema au mnamwacha.

Tusipofanya hivyo, ngoma itainuliwa vilevile. Atakayeiinua hatahitaji kustahili. Atahitaji kitabu cha 1863 ambacho hakina tena hakimiliki, na mwanasheria.